Mvua ya Kwanza ni ya Bati

"Umefua kitambaa cha kichwa! Kitambaa! Kwa maji ya kunywa!"

Mama Kipimo alisimama kwenye mlango wa jiko, mkono mmoja kiunoni, mwingine umekishika kitambaa chenyewe cha bluu, bado kinachuruzika. Kila tone lililoanguka sakafuni alilisindikiza kwa macho mpaka likanywewa na saruji.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachana nywele kama mtu anayesubiriwa mahali.

"Vikombe viwili tu, wifi."

"Tu! Vikombe viwili tu! Ulitaka nikuletee pipa uzame?"

"Kilikuwa kinanuka."

"Kinamnukia nani? Kuna mchumba anakuja hapa kwa kuogelea, hatujaambiwa? Siku arobaini bati halijalowa, kaka yako ndani anahesabiwa kila funda, wewe unafua kitambaa! Hizo akili nazo umezianika?"

Wifi aliweka kitana chini polepole. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno mepesi, mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye, lakini asubuhi ile hakucheka.

"Mimi nimemwaga vikombe viwili," alisema. "Wewe, wifi yangu, umemwaga mvua nzima."

Kuku aliyekuwa akidonoa chini ya meza aliinua kichwa. Upande wa pili wa ukuta, Karani, mume wa huyu na kaka wa yule, aligonga kikombe ukutani mara tatu. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema nyamazeni, au nipeni maji. Siku hizi haikuwa rahisi kujua ni lipi.

Mama Kipimo alikitundika kitambaa msumarini, akaweka bakuli chini yake kuyakinga yale matone, akatoka nje. Mvua ilikuwa moja, na aliyeimwaga ni yeye.

Kisiwa chenyewe, ukitembea bila kusimama kuongea na mtu, unakizunguka kabla chai haijapoa. Na wa kuongea naye hakuna. Zamani walikuwako watu mia na zaidi, enzi za kampuni ya chokaa. Jenereta lilinguruma mchana kutwa, duka liliuza hadi biskuti, na Karani alikaa kwenye mizani akipima magunia na kuandika kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi za upepo. Mawe yalipoisha, kampuni ilifunga virago. Ilibeba jenereta, ikabeba nyaya, ikang'oa hata swichi za ukutani, kila chumba kikabaki na tundu kama jicho lililotolewa. Mama Kipimo aliyaziba matundu yale kwa udongo, moja baada ya jingine, akisema mtu anayeiba swichi ataiba na sanda.

Waliobaki ni wale wasiokuwa na pa kwenda, au waliokuwa nako wakaona uvivu. Karani alipewa nyumba badala ya kiinua mgongo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la saruji, maana tangi halibebeki. Mabinti zao wawili waliolewa bara, mwendo wa nusu siku kwa boti. Wifi alikuja kuwatembelea kwa wiki mbili baada ya kuachwa na mumewe, na hizo wiki mbili sasa zilikuwa na mwaka wa sita.

Waliishi kwa vitu vichache. Mwanga ulikuwa wa koroboi, kwa sababu betri yao ya sola ilivimba kama shavu la mwenye jino bovu na haikushika tena umeme. Walikuwa na kuku kumi na mmoja na kitalu cha viazi. Mara moja kwa mwezi boti ya mahitaji ilileta mchele, maharage, mafuta na dawa, ikachukua mayai na majogoo. Kisima hakipo. Kila aliyechimba alikutana na mwamba, na aliyeupasua mwamba alikutana na chumvi. Maji yalitoka mbinguni, yakapita kwenye bati, yakashuka kwenye mfereji, yakaingia kwenye mpira mweusi, yakamwagikia tangini. Njia nyingine hakuna.

Ndiyo maana Mama Kipimo alikuwa na ufito. Ulikuwa mnyoofu, mrefu kumpita, umekatwakatwa alama kwa kisu, na kila asubuhi aliuzamisha tangini, akautoa, akasoma pale ulipolowa. Jina la Kipimo alipewa na wake wa wachoma chokaa kwa kumcheka. Waliocheka walihama, jina likabaki.

Na alikuwa na sheria moja, ambayo kila aliyewahi kulala chini ya paa lake aliijua kabla ya kuonyeshwa choo: mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya bati. Unautoa mpira tangini, unaulaza chini, unaliacha bati lioge. Mvua ya pili ndiyo ya watu.

Sheria hiyo hakuiokota. Enzi za tanuri la kampuni la kuchomea mawe, vumbi la chokaa lilitua juu ya kila kitu, majani, kope, mikate. Mvua ya kwanza ikilikuta vumbi lile juu ya bati, kinachoshuka si maji, ni kitu cha kuchubua koo. Mwaka wa tatu wa ndoa yao mvua ilikuja ghafla, mchana, yeye yuko mbali anaokota kuni, na mpira uko tangini. Aliyesahau kuutoa ni yeye. Aliporudi aliyaona maji, akafurahi, akachota, akamchanganyia uji mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miezi tisa aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika meza. Siku ya nne walimzika. Wifi hakulijua hilo la mpira, wala mabinti. Alilijua Karani peke yake, na kwa miaka thelathini na minne hakulitaja.

Sasa tanuri lilikuwa baridi mwaka wa kumi na mbili. Vumbi lilikwisha zamani. Lakini mpira uliendelea kutolewa.

Siku ya ile mvua aliyoimwaga, wingu lilipotanda, aliyepiga kelele wa kwanza alikuwa Fundi Betri. Huyu ndiye jirani pekee, nyumba ya mwisho kwenye ule mstari wa nyumba za kampuni. Alihamia miaka minne nyuma na paneli zake nane, akisema amechoka na bili za umeme na wakubwa wa kazi. Mkewe alikuja na shela kwenye sanduku, na ingawa shela ililiwa na panya mwaka wa kwanza, bado aliitwa Bi Harusi.

"Mama!" Fundi alipaza sauti toka juu ya ngazi. "Weka mpira! Hii mvua haina wenzake nyuma!"

"Wewe umeongea nayo?" Mama Kipimo alijibu. Alikuwa amesimama tayari kando ya tangi, mpira umelala miguuni kwake.

"Vumbi la chokaa liko wapi sasa, Mama? Mwaka gani huu?"

"Na kinyesi cha ndege? Kunywa wewe kinyesi chako cha ndege, kinakufaa!"

Fundi alicheka, akaendelea kusogeza mapipa yake chini ya mfereji. Mvua ikaja nzito, yenye kelele, bati likaimba. Maji yakatoka kwenye mpira kwa nguvu, mwanzo ya kijivu, kisha hudhurungi, kisha, baada ya muda wa kumenya viazi viwili vitatu, meupe kabisa. Meupe ya kunywa. Yakakimbia kwenye mchanga, mchanga ukayameza.

"Wifi, yameshatakata!" Wifi alitoka mbio, amejifunika sinia kichwani. "Rudisha mpira, wifi, tafadhali! Tazama yalivyo!"

"Mvua ya kwanza ni ya bati."

"Bati limeshaoga! Linataka na kusugua kisigino?"

Aliinama kuushika mpira. Mama Kipimo akaukanyaga. Wakasimama hivyo, wanawake wawili wazima wamelowa chapachapa, mmoja anavuta, mwingine amekanyaga, mpaka mvua ikakatika ghafla, kama iliyoitwa kwao. Jua likatoka. Mama Kipimo akaurudisha mpira tangini, akaufunga kamba vizuri, tayari kwa mvua ya pili.

Mvua ya pili haikuja. Siku kumi, ishirini, thelathini. Mawingu yalipita mbali, upande wa kusini, yakiinyeshea bahari, ambayo haikuwa na shida ya maji.

Wiki ya kwanza Fundi alipita akasema kwa utani wake ule usio na breki, "Ukikwama, Mama, mapipa yangu matatu yapo. Yana ladha kidogo ya njiwa."

"Afadhali nife na kiu," alijibu, kwa sauti ya kumfikia na Bi Harusi.

Wiki ya pili Bi Harusi alileta dumu zima, akaliweka mlangoni bila kugonga. Mama Kipimo alilibeba mwenyewe akalirudisha, akaliweka mlangoni kwake bila kugonga vilevile. Toka hapo nyumba mbili za kisiwa kizima hazikusalimiana.

Kiburi kile kingekuwa kichekesho kama si figo za Karani. Alikuwa na mawe. Wifi, kabla vicheko havijakauka nyumbani, alizoea kusema kaka yake aliyapima mawe ya kampuni miaka ishirini na zaidi, akajiibia mawili ya kumbukumbu. Daktari wa bara alikuwa amemwambia neno moja tu: maji. Anywe kutwa, anywe hata kama hana kiu, lita tatu, nne. Akiacha, mawe yatakaa pale pale, na akitegemea vidonge anajidanganya.

Mama Kipimo alikuwa akimpa chupa mbili. Kisha moja na nusu. Kisha moja. Yeye na wifi yake walikunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja alasiri, wakapika maharage kwa maji ya bahari yaliyochanganywa kidogo na matamu, mpaka midomo ikapasuka. Boti ilipaswa kuja mwanzo wa mwezi. Haikuja. Simu yake ilikuwa imekufa, maana mahali pekee pa kuchajia palikuwa kwa Fundi.

Baada ya ugomvi wa kitambaa alikwenda tangini na ufito wake. Aliuzamisha, akasikia unagonga chini. Alipoutoa, ulikuwa umelowa upana wa vidole vitatu, na hapo penyewe palikuwa na tope.

Hakurudi jikoni. Alichukua sufuria kubwa, akaenda ufukweni, akachota maji ya bahari. Alikuwa amewaza jambo hili siku nyingi. Akawasha moto uani, akabandika sufuria, akaweka bakuli katikati, akalifunika sufuria kwa mfuniko uliogeuzwa ili mvuke uchuruzike bakulini. Wifi alitoka akasimama kumtazama, ugomvi bado uko usoni.

"Unapika nini?"

"Bahari."

Wifi alitaka kucheka, akaghairi. Alikwenda akaleta kuni. Walichochea toka asubuhi mpaka jua likavuka kichwani, hawasemezani, ila wifi akisema "moto" na yeye akisema "ongeza". Zilikwisha kuni za nje, zikaisha za ndani, wakavunja ngazi mbovu ya kampuni, wakachoma na mlango wa banda la kuku. Jasho liliwatoka mpaka likakatika kutoka. Alipofunua, ndani ya bakuli mlikuwa na maji ya kujaza glasi moja. Hata si kujaza, chini ya ukingo kidogo.

"Tumetokwa jasho zaidi ya haya," wifi alisema.

Mama Kipimo alilibeba bakuli kwa mikono miwili mpaka chumbani.

Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma cha kampuni, kiti kimoja, na ile mizani ya zamani kwenye kona, ambayo kampuni ilikataa kuibeba kwa kuwa ilikuwa ikidanganya kilo mbili. Karani alikuwa amejikunja upande wa ukuta, magoti kifuani. Shuka lilikuwa sakafuni. Alikuwa mwanamume wa maneno machache na adabu nyingi, ambaye katika ndoa yao yote alikuwa amekasirika mara mbili, zote kwa sababu ya mahesabu ya watu wengine. Sasa alikuwa akiuma mto.

Ndoo ya haja ndogo ilikuwa chini ya kitanda. Aliitazama. Kilichokuwamo kilikuwa kidogo, na kilikuwa chekundu.

"Baba. Kunywa."

Alimwinua kichwa, akamnywesha. Glasi ile ya siku nzima ilikwisha kwa mafunda manne. Karani alilala tena, akavuta pumzi, akasubiri maumivu yapite, nayo hayakupita. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayesoma namba kwenye mizani:

"Ungeweka mpira, mke wangu."

Mama Kipimo alifuta ukingo wa bakuli kwa kidole.

"Ungeuweka tu."

Alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani. Angeweza kumjibu. Angeweza kumwambia: wewe unajua, wewe peke yako duniani unajua kwa nini. Angesema wifi, angesema Fundi, angesema dunia nzima na redio zake, angewajibu mpaka wakome. Lakini huyu alikuwa amelichimba kaburi lile kwa mikono yake, na ameyasema haya akiwa anajua.

Aliweka bakuli juu ya kiti. Akaingia jikoni, akachukua madumu mawili matupu, akatoka.

Toka mlango wake mpaka wa Fundi ni nyumba tisa, saba zikiwa tupu, milango imeng'oka, mbigili zimeota vyumbani. Alizipita zote huku madumu yakigongana. Alikuwa ameandaa maneno, na kila nyumba aliyopita ilimnyang'anya moja.

Bi Harusi alikuwa uani anachambua mchele. Alisimama haraka, ungo nusura umwagike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumeo yupo?"

Fundi alitokea kwenye kibanda chake cha betri, mikono imejaa grisi. Aliyaona madumu. Mdomo wake ulikuwa umezoea kutembea mbele ya akili, ukatembea.

"Heee! Kumekucha leo. Umekuja kununua njiwa, Mama?"

"Wewe!" Bi Harusi alimkata.

"Nimekuja kuazima," Mama Kipimo alisema.

"Kuazima nini? Taja tu, hapa duka liko wazi."

"Fundi." Aliyaweka madumu chini. "Mume wangu anakojoa damu. Tangi limegonga chini. Nimechemsha bahari toka asubuhi nimepata glasi. Unataka nipige magoti, sema nipige, ila harakisha, maana nikishuka sijui kama nitaweza kuinuka."

Uso wa Fundi ulibadilika. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, mara mbili, tatu, kama vile grisi ndiyo iliyokuwa na makosa.

"Siku ngapi hivyo?"

"Damu, leo. Maumivu, wiki."

"Wiki! Na mimi niko hapa nachezea nyaya? Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilisema afadhali nife. Ulinisikia."

"Nilikusikia nikadhani unaongea tu!"

Alichukua madumu mwenyewe akaenda kwenye mapipa. Mama Kipimo alimfuata, akaona alichokuwa hajui. Mapipa mawili yalikuwa makavu, yamelazwa ubavu. La tatu lilikuwa chini ya nusu. Fundi aliinama kuchota, akachota, akachota, na Bi Harusi akasimama akitazama maji yao yanavyoshuka ndani ya pipa, mkono wake shingoni.

"Moja linatosha," Mama Kipimo alisema.

"Umeleta mawili."

"Mvua ikinyesha nitarudisha. Yote mawili."

"Mama, maji ya mvua hayakopeshwi."

"Nitarudisha, nimesema."

Fundi alizijua tabia zake, hakubishana. "Haya. Deni. Yachemshe vizuri, basi. Hilo la njiwa si utani." Akamnyang'anya yote mawili, akamtangulia kuyabeba. Baada ya kuyafikisha, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tanuri la zamani, akapanda vile vyuma vyake vilivyooza mpaka juu kabisa, pale pekee ambapo simu ilikuwa ikishika. Toka uani walimwona mdogo kule juu, anapunga mkono mmoja hewani kama anayempiga mtu makofi. Aliposhuka alisema injini ya boti imefumuliwa, vyuma viko mezani kwa makanika, nahodha anasema kesho kutwa.

"Nimemwambia kesho kutwa yako nitaifuata kwa miguu juu ya maji nikuonyeshe," alisema.

Hiyo kesho kutwa ilikuja kuwa siku ya sita.

Siku sita Mama Kipimo alichemsha, akachuja kwa kile kitambaa cha bluu ambacho bahati nzuri kilikuwa kimefuliwa, akajaza chupa, akampelekea mumewe. Karani alionja funda la kwanza akasema, "Haya si ya tangi letu." Akamjibu, "Kunywa." Akanywa. Yeye na wifi walichota tope la chini ya tangi, wakaliacha litulie, wakanywa yaliyo juu. Ladha ilikuwa ya saruji na kutu. Siku moja aliikuta chupa ya mgonjwa ina maji mengi kuliko aliyoyaweka. Alisimama akiitazama kwa hasira ya mtu aliyeibiwa, kabla hajafahamu kwamba wizi ule ulikuwa wa kuongeza. Alimtafuta wifi yake, akamkuta amelala mkekani, ulimi umeshikamana na meno, kikombe chake cha alasiri kitupu na kikavu, hakina hata alama ya mdomo.

"Wewe mjinga," alimwambia.

"Ni kaka yangu," wifi alisema, macho yamefumba.

Alikwenda kumletea kikombe chake mwenyewe, akamwinua, akamshikia.

Damu haikukoma, ila maumivu yalipungua usiku na kurudi mchana, na Karani akawa mwepesi kwenye shuka kama nguo iliyosahaulika. Siku ya nne alianza kuita watu wa mizani, akiwataja kwa namba zao za kazi. Siku ya tano hakuita mtu.

Boti iliingia siku ya sita, saa sita mchana, injini inakohoa. Nahodha alikuwa ameleta madumu manane ya maji ya bomba, manne kwa kila nyumba, na uso wa aibu. Alimtazama Karani mara moja tu, akasema waondoke sasa hivi ili wafike na mwanga, daktari ataambiwa kwa simu, mabinti nao.

"Mgonjwa atalala hapa katikati," alisema. "Nafasi ya msindikizaji ni moja. Nikipakia wawili na mzigo huu wa mbao, tutaogelea."

Wifi alikuwa tayari amejifunga kitambaa, anamtazama Mama Kipimo asogee, maana mke ni mke.

"Nenda wewe," Mama Kipimo alisema.

"Wifi!"

"Una nguvu za kumwinua. Mimi nikiinama naona nyota. Na mvua ikija hapa hakuna mtu, inakwenda mchangani, mnarudi kwenye nyumba iliyokufa." Akameza mate ambayo hayakuwapo. "Ile nimeimwaga mimi. Hii nitaingoja mimi."

Walimbeba Karani kwenye mlango wa mbao, Fundi na nahodha, wakamlaza juu ya magunia. Mama Kipimo aliingia majini mpaka magotini, akamfunika, akamfunga shuka chini ya kidevu. Karani alifumbua macho.

"Mvua ikija utafanyaje?" alimuuliza.

Kwa miaka thelathini na minne swali hilo lilikuwa na jibu moja, na alikuwa akilijibu kabla halijaisha kuulizwa.

"Sijui," alisema.

"Basi muulize Fundi."

"Afadhali ni..." alianza, kwa mazoea, akakoma. Karani alijaribu kutabasamu, maumivu yakamkamata katikati. Wifi akampakata kichwa. Injini ikawaka.

Hakuwapungia. Alisimama majini mpaka boti ikawa doa, na doa likawa kitu ambacho labda kipo labda hakipo. Hakujua kama ameagana naye au amemzika. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kipande cha wingu.

Aliporudi nyumbani alikuta madumu yake manne yamepangwa mlangoni. Alikaa chini karibu nayo. Alifungua moja, akanywa kikombe, akanywa cha pili, cha tatu kikamtoka, akasubiri tumbo litulie, akanywa kidogo kidogo. Kisha akainuka. Alichukua mawili, moja kila mkono, akazipita nyumba saba tupu akipumzika kila mlango.

Fundi alikuwa uani na mkewe, wote wawili wamekaa tu. Alipoona madumu alisimama.

"Hapana, Mama. Hapana bwana. Umebaki peke yako kule, mvua haijulikani, hayo manne ndiyo uhai wako mpaka boti ijayo. Rudi nayo. Nimekusamehe deni, nimesamehe mbele ya shahidi."

"Sikuomba msamaha. Niliazima." Aliyaweka chini mbele yake. "Haya ni ya bomba. Hayajapita juu ya bati la mtu."

"Mama, sikiliza..."

"Pokea," Bi Harusi alisema.

Fundi alimgeukia. "Na wewe! Atakunywa nini?"

"Atakunywa aliyobakiza, na yakiisha atakuja kuazima tena." Bi Harusi hakumtazama mumewe, alimtazama mgeni. "Ukikataa hatakuja. Pokea."

Fundi aliinama, akalifungua dumu la kwanza, akalimimina ndani ya pipa, akalifuatisha la pili mpaka tone la mwisho, akayakung'uta. Akamrudishia yakiwa matupu, akiyashika yote mawili kwa vidole.

"Tumemalizana, Mama."

"Tumemalizana."